Uchangamfu wa Watoto na Amana ya Mnunuzi

Ndugu zetu wa Makina, katika Kibera ya Nairobi, wametuletea swali, nasi tumeona haifai kulijibu kwa barua ya faragha, kwa kuwa lawahusu watu wa Mombasa, Malindi na Lamu kama linavyowahusu wao. Wasema kwamba skuli yao ndogo iliyo ubavuni mwa msikiti imejiwa na wauzaji watatu katika muhula mmoja. Wa kwanza auza masomo ya hisabati yaliyotiwa ndani ya vishikwambi. Wa pili auza nyimbo na michezo ya kuigiza ya kufundishia Kiingereza, na kikundi chake huja mara moja kwa juma. Wa tatu auza mashindano yenye alama na zawadi, ili watoto wapende kuja skuli. Ahadi ya wote watatu ni moja, nayo ni kwamba mtoto atachangamka. Bei yahesabiwa kwa kila mtoto kwa kila muhula, na itaongezwa juu ya ada. Kamati imegawanyika. Wako wasemao kuwa mchezo ni mchezo na ilimu ni ilimu, na wako wasemao kuwa mwenye kuyakataa mapya ndiye awarudishaye Waislamu nyuma. Watuuliza, haki iko wapi?

Tuanze na hao wa kwanza, kwani hao hujiona kuwa ndio walio karibu zaidi na dini, na kwa hakika hawako. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, na ambaye hakuna mtu wa chuo asiyemheshimu, ameeleza katika Ihya yake kwamba mtoto atokapo kusoma yapasa aachiwe mchezo mzuri wa kumburudisha, na ameonya kwamba mtoto aliyenyimwa mchezo na kulemezwa masomo hufa moyo, na akili yake ikafifia, na mwisho akawa mtu wa kutafuta hila za kuyakimbia masomo yenyewe. Sisi tuliopita vyuoni tukizihesabu bakora kuliko tulivyozihesabu herufi hatuhitaji ushahidi zaidi ya huo. Uchangamfu si dhambi, wala si upuzi. Mtoto asinziaye hajifundishi kitu, hata kama kitabu kilicho mbele yake ni bora wa vitabu. Na tukumbuke ya kwetu: Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, aliwatungia watoto vitabu vya dini kwa Kiswahili wakati ambapo wengi waliona kuwa kukariri bila ya kufahamu kwatosha. Leo vitabu vya namna hiyo ni mali ya kila madrasa, na hao waitwao wazee wa kale ndio wenye kuvitetea.

Ama hao wa pili, wao hoja yao ni kwamba kitu ni kipya. Lakini upya si sifa ya kitu. Upya ni khabari ya siku kilipofika. Tena twawaomba waitazame Makina yenyewe. Sokoni Toi, hapo jirani, hakuna mama anunuaye gauni la mtumba bila ya kulipindua, kuzitazama nyuzi za ndani, kulinyoosha mbele ya jua ili aone kama lina tundu, kisha akalirudisha chini na kujifanya aondoka. Mtu huyo huyo, au mumewe, akikaa katika kamati ya skuli, aletewa mpango wa fedha nyingi mara mia kuliko gauni, naye autia sahihi kwa kuwa picha zake zang'aa na muuzaji amesema vizuri. Kwa nini? Si kwa upumbavu. Ni kwa sababu gauni atalivaa yeye au mwanawe, na likichanika atalaumiwa usiku huo huo, bali mpango wa skuli huvaliwa na watoto wa watu, na ukichanika hakuna anayeona.

Hapa ndipo penye mzizi wa jambo. Swali walilotuletea ndugu zetu ni la mchezo na ilimu, au la mapya na ya kale. Lakini sisi twaona kuwa swali hasa ni la amana. Kamati hainunui kwa ajili ya nafsi yake. Yanunua kwa fedha za mzazi, na kwa ajili ya mtoto ambaye hakuulizwa wala hana njia ya kukataa. Fiqhi yetu ya Kishafi imemweka wakili mahali palipo wazi: aliyetumwa kununua hana ruhusa ya kuchukua kitu chenye aibu kwa fedha za aliyemtuma, hata kama yeye mwenyewe angeliridhika nacho. Na hukumu ya mwenye kuangalia mali ya yatima yajulikana kwa kila mtu. Basi ikiwa huo ndio ukali wa sharia juu ya mali, itakuwaje juu ya umri? Kwa kuwa bei ya mipango hii si ile iliyoandikwa katika karatasi peke yake. Saa tatu za kila juma zitakazotolewa kwa nyimbo au kwa vishikwambi zimetolewa katika kusoma, au katika hesabu, au katika Qur'ani, au katika usingizi wa mtoto. Fedha yaweza kurudishwa na muuzaji mwenye haya. Mwaka wa mtoto wa miaka minane hakuna wa kuurudisha.

Sasa, muuzaji huleta ushahidi gani? Mara nyingi huleta mambo mawili. Hutuonyesha watoto wakicheka, na hutuonyesha skuli zilizokwisha kununua, ambazo matokeo yao ni mema. La kwanza ni ushahidi wa kicheko tu. La pili lina mtego ndani yake, na mtego huo umepata kupimwa hapa hapa Kenya, katika Busia na Teso, na twapenda kila mjumbe wa kamati aijue khabari hii.

Watafiti walitaka kujua kama chati kubwa za picha, zinazotundikwa mbele ya darasa kwa masomo ya sayansi, hisabati, jiografia na afya, zawasaidia watoto. Kwa akili ya kawaida zingesaidia, kwani mtoto asiyejua kusoma vizuri aweza kutazama picha. Walipozilinganisha skuli zilizokuwa na chati na zisizokuwa nazo, wakaona zenye chati zimeshinda kwa tofauti isiyo ndogo. Muuzaji angeishia hapo. Wao hawakuishia. Walichukua skuli 178, wakaipa nusu yake chati kwa njia ya kura, ili isiwe ni skuli hodari iliyojichagulia, kisha wakangoja mitihani. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2004 yakawa kwamba chati hazikuongeza kitu cha kuonekana. Ile tofauti ya kwanza haikuwa ya chati. Ilikuwa ya skuli zenyewe: mwalimu mkuu mwenye bidii na wazazi wenye uwezo ndio waliokwisha kununua chati, na watoto wao wangeshinda hata kwa ukuta mtupu. Basi muuzaji akituambia, itazameni skuli fulani, imenunua na imefaulu, yatupasa kumwuliza kama ilikuwa ikifeli kabla hajafika.

Tena yako ya kustaajabisha zaidi. Katika Busia hiyo hiyo, skuli 75 ziliangaliwa baada ya watoto kuanza kupewa dawa ya minyoo mwaka 1998, na watafiti wakaandika mwaka 2004 kwamba utoro ulipungua kwa kadiri ya robo. Hesabu zao zilibishaniwa na wataalamu wengine mwaka 2015, wala sisi hatuingii katika mabishano ya watu wa takwimu. Alama za mitihani hazikupanda, na hilo walilisema wao wenyewe. Lakini fikirini: huenda mtoto asiyechangamka hana haja ya zawadi wala wimbo. Huenda ana minyoo, au amekuja bila ya kufungua kinywa, au haoni ubao. Yule muuzaji wa mashindano ya kuwavuta watoto waje skuli amekwisha kuliamua gonjwa kabla hajamwona mgonjwa. Kamati ya Makina ilitwambia mambo mengi juu ya wauzaji, na haikutwambia hata neno moja kwa nini watoto wao hawachangamki. Hilo lilitakiwa litangulie.

Tuje katika vishikwambi, kwani ndivyo vyenye kuwapendeza watu wa siku hizi. Serikali iliahidi mwaka 2013 kwamba kila mtoto aingiaye darasa la kwanza atapata kompyuta, ikaanza kugawa vishikwambi mwaka 2016, na zaidi ya milioni 1 viligawanywa nchini. Kuna skuli zilizovitumia, na kuna skuli ambamo vilikaa kabatini kwa kuogopa wezi, au kwa kukosa umeme, au kwa mwalimu kukosa kufundishwa. Hatumcheki mtu. Lakini kulikuwa na jaribio katika Kisumu, lililochapishwa mwaka 2016, ambalo laeleza jambo lililo kubwa kuliko hilo. Skuli ziligawanywa: baadhi zilipewa vyombo vya kusomea kwa kila mtoto, baadhi alipewa mwalimu peke yake, na baadhi hazikupewa kitu darasani, bali alipewa yule afisa azungukaye skulini kuwatazama waalimu na kuwaongoza. Watoto wote walipata faida katika kusoma. Lakini kumpa kila mtoto chombo hakukushinda, kwa tofauti ya kuhesabika, kumpa yule afisa mmoja. Na gharama yake ilikuwa kubwa zaidi sana. Kwa maneno mengine, fedha iliyomfikia mtoto kwa kupitia mwalimu aliyetazamwa na kusaidiwa ilifanya kazi ile ile kwa bei ndogo. Muuzaji hawezi kuipiga picha faida ya namna hii, kwa sababu mwalimu aliyeongozwa vizuri huonekana kama mwalimu yeyote tu.

Hapa hatuna budi kusimama, kwa kuwa msomaji mwenye insafu ataturudishia hoja. Atasema: nyinyi mwamsifu mwalimu, na waalimu wetu wangapi hawaji, au huja hawakujitayarisha? Je, si kheri aandikiwe somo lake neno kwa neno? Hoja hii ina nguvu, na tusijifanye hatuisikii. Skuli za Bridge, zilizoanza mwaka 2009 katika Mukuru kwa Njenga, mtaa wa Nairobi kama ulivyo Kibera, zilijengwa juu ya fikra hiyo hasa: somo laandikwa mbali, latumwa katika kishikwambi, na mwalimu alisoma kama lilivyo. Wengi walizishutumu, na sisi pia twaona aibu kumfanya mwalimu kipaza sauti cha mtu asiyemjua. Walakini utafiti uliotolewa mwaka 2022, uliowalinganisha watoto waliopata nafasi ya kulipiwa ada kwa kura na wale walioikosa, ulionyesha kwamba wale wa Bridge walijifunza zaidi, tena si kidogo. Mtoto wa maskini aliyejua kusoma kwa somo lililoandikwa mbali amejua kusoma. Haimfalii mtu kumwambia mamake kwamba alijifunza kwa njia isiyo ya heshima.

Basi tumesema nini? Twasema kwamba kujifunza si jambo pekee lililo katika mizani. Katika mwaka huo huo wa 2022 shirika la Benki ya Dunia lililotia mtaji wake katika kampuni hiyo lilijitoa, na ofisi ya malalamiko ya Benki ilikuwa ikichunguza habari zilizohusu usalama wa watoto katika skuli hizo. Mwaka 2016 mahakama ya Uganda iliamuru skuli zake zifungwe huko kwa kutotimiza masharti ya serikali. Skuli iliyokabidhi masomo yake yote kwa mtu wa mbali, siku mtu huyo akiondoka, au akifungiwa, au akipandisha bei, itabaki na nini? Mwalimu aliyezoea kusoma tu alichoandikiwa hatajua kuanza. Kwa hiyo sisi hatusemi kwamba somo la kuandikwa ni haramu. Twasema kwamba mnunuzi aulize kitu kimoja kabla ya bei: baada ya miaka miwili, huyu mwalimu wetu atakuwa ameongezeka au atakuwa amepungua?

Mfano wa pili wa jambo hili sisi watu wa pwani tunao mlangoni petu, wala hatuutaji vya kutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Waislamu wa Mombasa waliona kwamba watoto wao waingia skuli za serikali wakiwa nyuma ya wenzao, wakapeleka shida yao kwa Aga Khan. Mwaka 1986 ukaanza mpango wa skuli za chekechea za madrasa, ambao mwalimu wake wa mwanzo alikuwa Bi Swafiya Said, mwanamke wa papa hapa. Kulikuwa na wasiwasi mwingi. Watu waliuliza fedha hizi ni za madhehebu gani, na watoto wetu watafundishwa nini. Na njia yenyewe ya kufundisha, ya mtoto kujichagulia kazi na kujifunza kwa kucheza, ilikuwa imetoka Marekani. Hiyo ilikuwa mali ya nje kabisa! Lakini tazameni ilivyoingizwa. Jamaa wa msikiti walikaa na kujadiliana kwanza, wakatoa chumba, wakachagua kamati yao, na wakachagua wanawake wa mtaa wao wenyewe wafundishwe ualimu. Vyombo vya kuchezea vilikuwa vifuu, kombe na vijiti, na nyimbo zilikuwa za Kiswahili na za dini. Kituo cha Mombasa kilifuatana na kila skuli kwa muda uliokubaliwa katika mkataba, kisha skuli ikasimama kwa miguu yake. Mpango ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, na skuli zikazidi 200. Utafiti wa mwaka 2008 uliona kwamba watoto wake walisonga mbele kuliko wa chekechea nyinginezo, na wote hao kuliko waliobaki nyumbani.

Kama mpango huo ungekuja kwa namna wajavyo wale watatu wa Makina, na bei kwa kila kichwa, na mkufunzi wa kuja na kuondoka, tusingelikuwa na la kusimulia. Kilichonunuliwa pale, kwa kweli, kilikuwa ni ualimu wa wanawake wa mtaani, na huo hauondoki na gari la muuzaji.

Liko jambo jingine, nalo twalisema kwa uzito. Ndugu zetu wameandika, kama kwa kupitia tu, kwamba mmoja wa wauzaji amempa mwalimu mkuu kishikwambi "cha kujaribia", na amemwalika katika mkutano wa siku tatu hotelini. Kila mtu aijua khabari ya yule mtu aliyetumwa na Mtume (s.a.w.) kukusanya zaka, akarudi na kuigawa mali mafungu mawili, hili lenu na hili nimepewa hadia, na jinsi Mtume alivyokasirika na kuuliza kama hadia hiyo ingemjia lau angelikaa nyumbani kwa babake. Hatumtuhumu mwalimu mkuu. Huenda hakufikiri. Lakini kishikwambi hicho kirudishwe, au kitiwe katika mali ya skuli kwa maandishi, kabla ya kamati kukaa tena. Na katika kikao hicho waitwe waalimu wenyewe watakaoutumia huo mpango, ambao kwa desturi yetu hupashwa khabari baada ya mambo kwisha, na waitwe akina mama. Ni aibu kwamba kamati ya wanaume saba yaamua juu ya uchangamfu wa mtoto, na asiwepo hata mmoja kati ya wale wamwamshao alfajiri na wajuao kama jana alilala na njaa.

Ama juu ya mkataba, watu wa Makina hawahitaji kufunzwa na sisi thamani ya maandishi. Jamii ya Wanubi ilingoja hadi mwaka 2017 kupata hati ya ekari 288, katika ardhi ambayo zamani ilikuwa zaidi ya ekari 4,000. Basi na waandike. Mtume amekataza biashara ya gharari, ambayo mnunuzi hajui apata nini, na neno "mtoto atachangamka" ni gharari tupu mpaka lielezwe: mtoto gani, achangamke katika lipi, aonekane kwa alama gani, na lini. Sharia imempa mnunuzi khiyari ya siku 3 kwa sharti, lakini siku 3 hazitoshi kuujua mpango wa darasa, kwani kila kipya huchangamsha kwa siku 3. Kwa hiyo mkataba uwe wa muhula mmoja, na usiwe wa mwaka. Na lianze darasa moja, likiwa na mwenzake lisilopewa kitu, wote wapimwe kusoma na hesabu mwanzo na mwisho, na kura ipigwe kuchagua lipi lianze, mbele ya wazazi, ili asiseme mtu kwamba lilichaguliwa lile la mwalimu hodari. Muuzaji akikataa sharti hilo, ameijibu kamati.

Wametuuliza mwishoni kama waweza kumlipa kwa kodi ya vile vyumba vya duka vilivyowekwa wakfu kwa msikiti. La. Sharti ya mwenye kuweka wakfu haibadilishwi kwa kuwa skuli na msikiti zashiriki ukuta mmoja. Ikiwa wazazi waridhia, na ichangwe kando, na wale wasioweza wasihesabiwe, wala watoto wao wasitolewe nje saa ya nyimbo.